Ukuta Uliosingiziwa

Tarehe 8 Juni 2025, polisi waliwaambia Wakenya kwamba mwalimu Albert Ojwang amekufa kwa kujigonga kichwa ukutani, ndani ya seli ya Kituo Kikuu cha Polisi, Nairobi. Alikuwa na miaka 31. Siku iliyotangulia walimchukua nyumbani kwao Homa Bay, wakamsafirisha mamia ya kilomita hadi jijini kwa sababu ya maneno yaliyochapishwa mtandaoni kuhusu mkubwa mmoja wa polisi. Wiki hiyo hiyo madaktari waliopasua maiti yake walisema kwamba majeraha ya kichwani, dalili za kukabwa shingo na michubuko iliyotapakaa mwilini si mambo ambayo mtu hujifanyia mwenyewe. Ukuta ulikuwa umesingiziwa.

Niliposikia taarifa ile ya kwanza nilishikwa na hasira mbili. Moja ni ile waliyokuwa nayo Wakenya wote. Nyingine ni ya mtu aliyelelewa na kuta. Mimi ni mchoraji, mwana wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, na katika jiji hili nimeona ukuta ukisema kweli wakati ambapo vinywa vyenye mishahara ya kusema kweli vilikuwa vimefumbwa. Kumtwika ukuta maiti ya mwalimu kuliniuma kama vile wamemtaja ndugu yangu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza kuhusu kazi hasa ya kuta zetu katika miaka hii ya maandamano, na nimefikia msimamo ambao najua baadhi ya wasanii wenzangu hawatakubaliana nao: ukuta wa mapambano una maana pale tu unapokuwa na wenyewe. Msanii si mwenyewe. Mwenyewe ni mtaa.

Watu wengi wakisikia sanaa ya ukutani hufikiria kopo la sprei na kijana aliyejifunika kichwa usiku. Nairobi haikuanzia hapo. Ilianzia kwa waandika vibao. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa anaandika vibanda: KINYOZI, HOTELI, FUNDI VIATU, MASHINE YA KUSAGA. Alipiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki. Mimi nilishika ncha moja, yeye nyingine, akauvuta katikati na kuuachilia, na mstari ukabaki ukutani umenyooka kuliko rula. Kanuni yake ilikuwa kwamba herufi isomwe na mtu aliyekaa dirishani kwenye matatu inayotembea. Abiria akishindwa kuisoma, umemwibia mwenye duka. Nimeona michoro mingi mikubwa ya uanaharakati iliyofeli mtihani huo, mizuri mno kwenye picha na isiyosomeka na mama anayepita na ndoo mbili za maji.

Ni waandika vibao hao walioingia kwanza kwenye siasa za mtaa. Kibera, mwaka 2001, Otieno Gomba na Otieno Kota walikuwa wakizunguka vichochoroni wamejifunga shuka za Kimaasai ili wateja wawatambue na kuwapa kazi ya kuandika. Hapo ndipo kundi la Maasai Mbili lilipozaliwa. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoharibika, nchi ikawaka moto na watu 1,133 wakauawa kwa hesabu ya Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo. Kibera iliungua. Solomon Muyundo, msanii wa kundi hilo anayejulikana kama Solo 7, alichukua rangi na brashi akaandika maneno machache ya kuomba amani, tena na tena, kwenye mabati, kwenye kuta, kwenye vibanda. Hakuchora sura wala nembo. Ilikuwa herufi tu, za mkono wa mwandika vibao, mahali ambapo watu waliokuwa wakiwindana wangelazimika kuzisoma wakipita. Kwangu mimi hiyo bado ni mojawapo ya kazi kubwa kabisa zilizowahi kufanywa kwenye ukuta wa jiji hili, na hakuna jumba la sanaa lililohitajika ili iwe hivyo.

Shule ya pili ilikuwa matatu. Wachoraji wengi wa sprei wa rika langu walifundishwa kwenye ubavu wa nganya, yale matatu yaliyopambwa kwa michoro. Mwaka 2004 waziri John Michuki alipoleta kanuni zake za usafiri, zenye mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano, michoro ilifutwa, na kizazi kizima cha mikono kikakosa pa kujifunzia mpaka serikali ya Uhuru Kenyatta ilipolegeza marufuku miaka kama kumi baadaye. Naitaja kwa sababu watu husahau kwamba serikali ilijua tangu zamani kuwa rangi inayotembea mtaani ni jambo la kudhibitiwa.

Kisha wakaja tumbusi. Mapema mwaka 2012, wachoraji wa jiji wakishirikiana na Boniface Mwangi, aliyekuwa mpiga picha za habari wakati wa zile ghasia, walichora kuta za katikati ya Nairobi. Ule uliojulikana zaidi ulikuwa Muindi Mbingu, karibu na City Market: mwanasiasa mwenye kichwa cha tumbusi, amevaa suti, amekaa kwa raha juu ya shida za mpiga kura. Kampeni ikaitwa Mavulture. Wakenya walisimama njiani kusoma. Askari wa baraza la jiji walihangaika. Uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa unakaribia na kila aliyepita pale alielewa anaambiwa nini kuhusu kura yake.

Nilizipenda kuta zile na bado nazipenda. Lakini zilikuwa kwenye barabara ambazo hakuna anayelala. Ofisi zikifungwa saa kumi na moja jioni watu hupanda matatu kwenda makwao, na ukuta unabaki na walinzi wa usiku na chokoraa. Ukifutwa asubuhi, nani atasema ulikuwa wake? Hili ndilo lililonirudisha mtaani. Nilianza kuuliza swali la ukuta una wenyewe gani kabla ya kuuliza una eneo gani.

Juni 2020, wakati dunia nzima inaandamana kwa ajili ya George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi, Allan Mwangi, yule anayesaini Mr. Detail Seven, alichora uso wa Floyd kwenye ukuta wa Kibera na kuandika neno moja kubwa: HAKI. Wageni waliupiga picha kama salamu kutoka Afrika kwenda Marekani. Sisi tuliusoma kwa masikio mengine. Tarehe 30 Machi mwaka huo huo, siku chache tu baada ya kafyu ya korona kuanza, mtoto wa miaka 13, Yasin Moyo, alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, polisi wakiwa chini wanawafukuza watu warudi ndani. Yeye alikuwa tayari ndani. Uso wa Mmarekani ulifungua mlango wa kusema lililokuwa limetukaa kooni, na mwezi huo huo watu wa Mathare waliteremka barabarani kuwataja waliouawa na polisi.

Mathare haikuhitaji kungojea mtu aifundishe kutaja majina. Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilikuwa kimeanza katikati ya muongo uliopita kuandika, nyumba kwa nyumba, nani aliuawa, wapi, na nani aliona. Mwaka 2017 kilitoa ripoti yake ya mauaji ya polisi. Mama waliopoteza watoto na wake waliopoteza waume wakajiunga katika mtandao wao wa waathiriwa na manusura. Vijana wa vuguvugu la kijani la Mathare wakapanda miti, mti mmoja kwa jina la mmoja aliyeuawa, katika mtaa ambao mti ni kitu cha nadra. Ukiingia kwenye mikutano hiyo unakuta daftari, kalamu, viti vya plastiki na chai. Hakuna anayekiita sanaa. Lakini kila ukuta mzuri ninaoujua upande wetu wa jiji umetoka kwenye daftari la namna hiyo. Mchoraji huja mwisho.

Hivyo 2024 ilipofika, mtaa ulikuwa na kumbukumbu tayari, na vijana wakaja na kasi. Mswada wa Fedha ulitaka kukusanya shilingi bilioni 346 za ziada. Ulikuwa na kodi ya asilimia 16 kwa mkate, na ushuru wa magari wa asilimia 2.5, na mengine ambayo vijana waliyatafsiri kwa lugha za nyumbani na kuyasambaza kwa simu hadi bibi kijijini akajua kifungu gani kinamhusu. Tarehe 18 Juni wakaingia mjini. Baadhi ya kodi, ikiwemo ile ya mkate, zikaondolewa siku hiyo hiyo. Tarehe 20 wakarudi, na jioni Rex Masai, wa miaka 29, akapigwa risasi katikati ya jiji akafa. Tarehe 25 wabunge walipitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, na saa hiyo hiyo umati ukavamia Bunge. Risasi zikalia. Kesho yake rais alikataa kutia sahihi.

Nataka kusema jambo kuhusu sanaa ya wiki zile, kwa sababu naona watu wa nje wakitafuta michoro mikubwa ya ukutani ya 2024 na kushangaa kuikosa. Hakukuwa na wakati. Sanaa ya Juni ilikuwa katoni. Maboksi ya mafuta ya kupikia na ya sabuni, yaliyookotwa nyuma ya maduka, yakaandikwa kwa kalamu nene nyeusi au rangi iliyobaki nyumbani. Zakayo mtoza ushuru, wa Injili ya Luka, jina ambalo vijana walimbandika rais, alichorwa juu ya mkuyu wake na kuambiwa ashuke. Shuka za kitanda zikawa mabango. Bendera ikavaliwa mabegani. Wasichana waliandika namba za simu za ndugu zao mikononi ili wakikamatwa au wakiangushwa wajulikane ni wa nani. Sijui kama kuna mwandiko wowote uliowahi kunitisha kama ule, wa wino wa kalamu ya kawaida kwenye ngozi ya mtoto wa mtu.

Na ile kauli ya kwamba hawana kabila, hawana kiongozi, hawana woga, ilionekana kwenye katoni kabla sijaisikia kwenye redio. Katoni ina nguvu zake. Unaiandika usiku, unaikunja kwenye begi, unapita nayo mbele ya karao, unaifungua Tom Mboya Street. Moshi wa kitoa machozi ukija unajifunika nayo. Lakini mvua ikinyesha inakwisha, na waliokuja kufagia mji usiku ule walizipakia zote kwenye malori pamoja na viatu vilivyoachwa. Tungekusanya hata chache. Mwandiko wa mtu aliyekufa jioni hiyo ulikuwa kwenye lundo hilo.

Baadaye picha zilihamia kwenye simu, na ndiko zilikofuatwa. Mwishoni mwa 2024 mchoraji wa katuni anayejulikana kama Kibet Bull alikuwa akichapisha mtandaoni picha za kivuli cheusi za rais. Mkesha wa Krismasi alitoweka; ndugu yake naye alitoweka. Vijana wengine wakatoweka siku hizo hizo. Yeye, ndugu yake na wengine kadhaa walirudishwa mapema Januari 2025, wakiwa hai, baada ya nchi kupiga kelele. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imerekodi visa 82 vya watu kutekwa tangu Juni. Wakati huo kila mchoraji ninayemjua alilala kwa kubadilisha nyumba.

Kisha ikaja kumbukumbu ya mwaka mmoja, tarehe 25 Juni 2025. Bunge lilizungushiwa seng'enge yenye wembe, na watu walikwenda pale na maua. Mchana wa siku hiyo mamlaka ya mawasiliano iliamuru vituo vya televisheni na redio viache kutangaza maandamano moja kwa moja, na mitambo ya baadhi yao ikazimwa kabla ya mahakama kusimamisha amri ile. Watu wasiopungua 16 walikufa siku hiyo. Katika maandamano ya Saba Saba yaliyofuata, tarehe 7 Julai, walikufa zaidi ya 30. Kabla ya hapo, katikati ya Juni, Boniface Kariuki, kijana aliyekuwa akiuza barakoa mjini, alipigwa risasi ya kichwa kwa karibu mbele ya kamera na akafariki hospitalini wiki mbili baadaye.

Hapo ndipo niliposhawishika kabisa kuhusu ukuta. Matangazo huzimwa kwa swichi na aliyezima humwoni. Akaunti hufungwa na mtu aliye bara jingine. Mitandao yenyewe huizika picha ya leo chini ya vichekesho vya kesho bila hata kuamriwa na mtu. Kufuta ukuta wa Mathare au Dandora, sharti mtu aje na ndoo ya rangi, mchana au usiku, aweke ngazi, na apige rola uso wa mtoto wa jirani huku jirani akitazama. Anaweza kufanya hivyo, ndiyo. Lakini atakuwa amejulikana.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana ndiyo ninayoijua.

Ukuta wa majina huanza kwa mwenye ploti. Wengi wao wanaishi mbali na kodi hukusanywa na msimamizi, hivyo unazungumza na msimamizi kwanza, yeye anapiga simu. Mwenye ploti huogopa mambo mawili: kanjo, yaani askari wa jiji, kuja na faini, na polisi kuja kuuliza. Haki yetu ya kuchora iko kwenye Katiba. Kifungu cha 33 kinautaja ubunifu wa kisanaa kwa jina, na cha 37 kinalinda maandamano ya amani. Mimi hubeba nakala. Ukweli ni kwamba kinachomtuliza mwenye ploti si Katiba. Ni pale mama watatu au wanne wa ploti yake mwenyewe wanapomwambia wanautaka ukuta ule. Mpangaji wa miaka kumi na tano anasikilizwa kuliko wakili.

Halafu ukuta unasuguliwa. Kuta za mtaani zina jasho, chumvi na masizi ya jiko, na ukipaka juu yake hivyo hivyo rangi itabanduka kabla ya mvua za vuli. Tunasugua kwa brashi ya waya, tunapaka rangi ya kwanza nyeupe mara mbili, tunaacha ikauke. Watoto huuliza maswali wakati huo. Siku ya rangi nyeupe ndiyo siku ambayo mtaa huamua kama unaupenda mradi au la, kwa sababu ndipo watu wanapokuja kukaa na kuzungumza na unajua ni nani anayekasirika.

Ngumu kuliko yote ni sura. Mchoraji hutaka sura. Sura ndiyo inayomsimamisha mpita njia. Lakini sura si mali ya mchoraji. Mama mmoja aliniletea picha mbili za mwanawe. Moja kijana yuko kwenye pozi, miwani ya jua, vidole hewani, ile aliyoiweka mtandaoni mwenyewe. Nyingine amevaa sweta ya shule ya msingi, miaka mingi nyuma, sikio moja limejikunja. Rafiki zake walitaka ya kwanza, wakasema huyo ndiye waliyemjua. Mama alitaka ya sweta. Alisema, wakiona miwani watasema alikuwa mwizi, lakini mtoto mwenye sweta hawana la kumsemea. Tulibishana kwa muda mrefu, kwa heshima, mbele ya chai iliyopoa. Upande mmoja wangu uliona kwamba rafiki zake wana haki, kwamba kijana ana haki ya kukumbukwa akiwa mtu mzima mwenye miwani na kwamba hatupaswi kumrudisha utotoni ndipo tumhurumie. Hakuna anayestahili risasi kwa sababu ya miwani. Na bado nilichora sweta. Yeye ndiye atakayepita mbele ya ukuta ule kila asubuhi akienda kuchukua mboga.

Familia nyingine zilikataa sura kabisa. Zina watoto wengine wa kiume nyumbani, na hazitaki mtu aliyevaa kiraia asimame pale alinganishe nyuso. Kwa hao tuliandika jina peke yake, herufi kubwa, mkono wa kibao. Kuna baba aliyekataa hata jina, akaomba mwaka tu uandikwe. Tuliuandika mwaka. Naona wasanii wachanga wanaochukua picha za marehemu mtandaoni na kuzichora bila kumtafuta mtu wa familia, kisha wanaweka saini yao kubwa kuliko jina la aliyekufa. Nawaambia waziwazi: huko ni kumchukua mtu mara ya pili bila ruhusa. Kama huwezi kumtafuta mama yake, andika neno lingine ukutani, maneno yapo.

Ukuta ukikamilika unahitaji macho. Mama mboga aliye mkabala nao, vijana wa boda kituoni, fundi wa viatu. Hawapewi kazi rasmi. Ni kwamba wamehusishwa tangu siku ya kusugua na sasa wanaona ni wao. Kuna ukuta wetu uliomwagiwa rangi nyeusi usiku, na kabla mimi sijaamka vijana wa boda walikuwa wameshachanga za kununua rangi nyeupe. Nilipofika nilikabidhiwa brashi tu.

Wenzetu wa kaskazini wamepita njia hii. Cairo, kwenye barabara ya Mohamed Mahmoud inayotoka uwanja wa Tahrir, wachoraji kama Ammar Abo Bakr na Alaa Awad walichora nyuso za waliouawa, hasa baada ya mashabiki zaidi ya 70 kufa uwanjani Port Said mnamo Februari 2012. Septemba mwaka huo ukuta ulipakwa rangi ukafutwa, na mara moja watu wakarudi na brashi. Khartoum, Aprili 2019, wakati umati umepiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi, kuta za eneo hilo zilijaa michoro. Tarehe 3 Juni wanajeshi waliivunja kambi na kuua zaidi ya watu 100, na michoro nayo ikafutwa. Nikilinganisha miji hiyo miwili na wetu, naona fundisho lile lile linalonisumbua. Uwanja mkuu wa mji ni wa atakayeshinda. Ukishindwa, ukuta wako wa pale umekwenda nawe. Ndiyo maana nasisitiza mitaa, vichochoro, kuta za ploti ambazo serikali haina sababu ya kuzitawala ila kwa kuja nyumbani kwa watu.

Wapo wanaoniambia tungoje, siku itafika serikali ijenge mnara wa mashujaa wa 2024. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Sanamu yake ya shaba, pale barabara inayobeba jina lake, ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007. Miaka 50. Mjane wake alikuwa ajuza kufikia hapo, na kaburi la Kimathi halijulikani lilipo mpaka leo. Nimewatazama mama wa Juni. Wengi wana miaka 50 tayari.

Tume ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 60 waliouawa katika maandamano ya 2024. Agosti 2025 rais aliunda jopo la fidia, na mahakama ikalisimamisha. Kesi zinakokotwa. Katikati ya hayo yote orodha zinatofautiana, majina yanakosewa herufi, umri unapotea, mtu anageuka kuwa nambari kwenye taarifa. Nimeona jina la kijana mmoja limeandikwa kwa namna tatu tofauti kwenye magazeti. Ukutani, jina likikosewa, shangazi yake anakuja siku hiyo hiyo kusema.

Kwa hiyo hivi ndivyo tunavyofanya sasa, na wachoraji wa Kayole, Korogocho, Kibera, Githurai na kwingineko mnaweza kuchukua mnachokitaka. Jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na lile la mtaani chini yake kama familia inataka. Umri. Mahali alipoangukia, kwa jina ambalo watu wa pale wanalitumia. Tarehe. Herufi zisipungue kiganja kimoja kwa urefu, nyeusi juu ya nyeupe, ili mtu aliye kwenye matatu asome. Sura kwa idhini tu, na idhini iulizwe tena baada ya miezi kadhaa kwa sababu watu hubadilika. Saini ya msanii isiwepo. Daftari lenye majina yale yale likae kwenye kituo cha haki cha mtaa, na nakala kwa mtu mwingine, ili ukuta ukifutwa usilazimike kutegemea kumbukumbu ya mtu mmoja.

Wenye ploti mnaosoma haya, kama mna ukuta unaotazama barabara, hasa ule wa jiwe la kuchonga usio na maji yanayopenya, nendeni mkazungumze na kituo cha haki cha mtaa wenu kabla Juni haijafika. Rangi tutatafuta sisi. Ngazi tunayo.